Petroli ya kuoshea vyuma gereji: tulivyopunguza taka zake, na tulipokwama (Mbeya, Iringa, Mafinga karibuni)

Fundi Iyunga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Mbeya, upande wa Iyunga, gereji ya malori. Kazi zetu nyingi ni gia boksi, difu na habu za magari yanayopanda na kushuka barabara ya Tunduma. Uzi huu ni wa petroli, dizeli na thina tunazooshea vyuma, hasa kile kinachobaki kwenye beseni baada ya kuosha. Oili chafu inazungumzwa sana kwa sababu ina wanunuzi. Hii ya beseni haina mnunuzi, kwa hiyo jioni inamwagwa nyuma ya ukuta na kesho yake tunaanza upya.

Nianze na kilichonifanya niamke. Mwaka juzi mwezi wa Julai, na baridi ya Mbeya ya Julai mnaijua, vijana waliwasha jiko la mkaa asubuhi ndani ya banda ili waote. Mlango tulikuwa tumeurudishia. Beseni la petroli lilikuwa sakafuni, hatua kama sita kutoka kwenye jiko. Hakuna aliyemwaga kitu wala aliyesogeza jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: haupandi juu, unatambaa chini kwa chini kama maji yanavyotafuta mtaro. Ulipolifikia jiko, moto ulirudi kwa njia ile ile hadi kwenye beseni. Kijana aliyekuwa amechuchumaa anaosha beringi aliungua mikono yote miwili hadi viwikoni. Alipona na bado tunafanya naye kazi, lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji. Nikimwona anashika spana kwa kidole gumba na kiganja, nakumbuka kwamba beseni lile pale nililiweka mimi.

Baada ya hapo nilitaka kujua tunatumia kiasi gani hasa. Nilichukua dumu la lita 20, nikalikwaruza kwa msumari alama za kila lita mbili, na nikapata dumu la pili la kukusanyia chafu yote. Tukakubaliana wiki nzima hakuna kumwaga hata kikombe. Jumamosi tulipopima, petroli safi lita 20 zilikuwa zimeisha. Kwenye dumu la chafu zilikuwemo 11.

Lita 9 hazipo. Hakuna aliyeiba. Zilipanda hewani mchana kutwa kwa sababu beseni liko wazi, nyingine zikanywewa na matambara na sakafu, nyingine zikaingia vifuani mwetu. Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nahangaika na swali la mwisho, yaani chafu ikamwagwe wapi, kabla ya kujiuliza kwa nini inakuwa nyingi hivyo.

Nawaeleza tulivyobadilisha, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

La kwanza halihitaji hata shilingi. Tulikuwa tunachukua gia imejaa grisi na udongo wa barabarani, tunaitumbukiza kwenye petroli safi. Kwa dakika mbili petroli inageuka uji mweusi, na bado kuna gia kumi zinangoja. Sasa kila chuma kinakwanguliwa kwanza kwa kisu cha mbao au bapa la plastiki, kisha kinafutwa kwa tambara kavu, ndipo kinasogea kwenye beseni. Uchafu mwingi unatoka ukiwa mkavu, na ukiwa mkavu unakaa kwenye kopo dogo tu. Uchafu huo huo ukishayeyuka ndani ya petroli, unakuwa umeharibu dumu zima.

La pili ni mabeseni matatu. La kwanza lina petroli iliyokwisha kutumika sana, la pili lina yenye uchafu kidogo, la tatu ni safi. Chuma kinapita la kwanza, la pili, kinamalizia la tatu. La kwanza likichoka kabisa, hilo peke yake ndilo linakwenda kwenye dumu la chafu. La pili linashika nafasi ya kwanza, la tatu linashika nafasi ya pili, na petroli mpya inaingia la tatu tu. Zamani tulikuwa tunamwaga beseni zima kwa sababu limekuwa jeusi, wakati lilikuwa bado na nguvu ya kuondoa grisi ya mwanzo. Weusi hauna maana kwamba limekufa.

Chafu nayo hatuigusi siku mbili. Inatulia, tope linashuka, ya juu tunaimimina polepole kupitia kitambaa kizito na inarudi kwenye beseni la kwanza. Mfuniko nilitengeneza wa bati lenye bawaba. Fundi akiinua mkono kwenda kupokea simu, bati linashuka lenyewe.

Tatizo ni kwamba hadi hapo bado tulikuwa tunatumia petroli, na kilichomuunguza yule kijana ni petroli. Mvuke wake unaweza kushika moto hata joto likiwa nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi yetu ya Mbeya haikulindi hata kidogo. Dizeli inahitaji kupashwa hadi zaidi ya nyuzi 50 ndipo mvuke wake ushike. Tumehamia dizeli kwa karibu kila kitu. Wazee watakumbuka zamani tuliosha kwa mafuta ya taa, na yalikuwa afadhali kuliko petroli, lakini tangu ushuru wake ulipopandishwa 2011 kuzuia uchakachuaji, mafundi wengi waliachana nayo.

Naishia hapa kwanza, nisikie wenzangu.

Roho ya Lori

Mkuu nimekusoma, ila tuwe wakweli. Petroli inakausha haraka. Dereva ana mzigo wa Kongo, tajiri anapiga simu kila nusu saa, wewe unasema mabeseni matatu na dizeli isiyokauka. Gereji ya jirani atamaliza kabla yako na mteja atahamia huko.

Fundi Iyunga

Hoja yako ni ya kweli, na ndiyo iliyonikwamisha miezi ya mwanzo. Kukwangua kunaongeza kama dakika kumi na tano kwa gia boksi moja. Ila muda wa kusugua kwa brashi umepungua, kwa sababu husugui tena kwenye uji. Nikijumlisha, tofauti ni ndogo kuliko nilivyoogopa.

Dizeli kweli haikauki, inaacha utando. Kwa beringi na gia utando huo hauna tabu, chuma hakishiki kutu kikingoja kufungwa. Ila kwa vitambaa vya breki, pleti ya klachi na sehemu inayopakwa gasketi ya maji (ile gundi ya kuzibia) huwezi kuuacha. Hapo tunamalizia kwa kitambaa chenye kimiminika kidogo cha kukausha, kutoka kwenye chupa yenye kifuniko cha kubinya. Kikombe kimoja kwa kazi nzima. Na naomba mafundi vijana mnisikie: usikaushe beringi kwa kuizungusha na upepo wa kompresa. Inalia vizuri, lakini inaweza kupasuka na mipira yake ikaruka usoni.

Nyumba za gia boksi tunaziosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga kwenye nusu pipa, nje, kuni chini yake, mbali kabisa na mabeseni. Msitie kostiki soda. Nyumba nyingi za kisasa ni aluminiamu, na kostiki inakula aluminiamu huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Maji yale hatumwagi kila siku. Yakipoa, oili inaelea, tunaikusanya kwa bakuli, tunaongeza sabuni na kuendelea nayo. Yakichoka nayo ni taka, hayaendi mtaroni.

Seremala wa Mafinga

Shikamoo kaka mkubwa. Mimi nipo kwenye fenicha, mbao za msitu wa Sao Hill ndizo ugali wetu. Hatuna gia, ila thina inatumaliza. Bunduki ya rangi tunaiosha mara tano hadi sita kwa siku. Kila mara tunajaza kombe, tunatikisa, tunamwaga kwenye maranda. Hiyo ya mabeseni matatu itanifaa?

Fundi Iyunga

Marahaba mdogo wangu. Itakufaa kuliko hata mimi. Chukua mfano huu. Kombe likimalizika, chukulia rangi iliyonata ndani ni mililita 10. Ukitia thina mililita 200 mara moja, ukatikisa na kumwaga, zile 10 zitakazonata tena zina rangi sehemu 1 kati ya 21. Sasa fanya tofauti: tia mililita 50, tikisa, mwaga, tia 50 nyingine, tia 50 ya tatu. Umetumia 150 tu, na kilichobaki ni sehemu 1 kati ya 216. Thina ni pungufu na usafi umezidi mara kumi. Jaribu kesho kwa kikombe cha kupimia dawa ya kikohozi, utaona mwenyewe.

Kisha thina ya mzunguko wa tatu ihifadhi, ndiyo uanzie nayo kuosha mara inayofuata. Na kabla ya yote, piga rangi iliyobaki kwenye ubao wa ndani wa kabati usioonekana mpaka kombe liwe tupu.

Ila ndugu yangu, hayo maranda yenye thina yanaenda wapi?

Seremala wa Mafinga

Tunayarundika kona ya nyuma pamoja na matambara ya kupakia mafuta ya kitani (yale ya kung'arishia mbao). Yakijaa tunachoma.

Mkemia Uyole

Naomba niingilie, maana hapo kuna hatari kubwa kuliko taka yenyewe. Ndugu seremala, tambara lenye mafuta ya kitani linapokauka linavuta oksijeni na kutoa joto. Likiwa limetandazwa, joto linapotea hewani. Likiwa limefinyangwa ndani ya rundo, joto linakaa na kuongezeka saa baada ya saa, na rundo linaweza kuwaka lenyewe usiku bila kiberiti wala umeme. Juu yake mmeweka maranda yenye thina. Leo hii kabla hujalala, yatoe hayo matambara, yatandaze moja moja nje kwenye kamba au uyatumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko. Maranda ya thina yakae peke yake, kwenye pipa la chuma lenye mfuniko.

Seremala wa Mafinga

Nimetoka kibandani sasa hivi na tochi. Nilipoingiza mkono katikati ya rundo lilikuwa na joto kama la mkate uliotoka jikoni. Nimeyatandaza yote. Mikono inanitetemeka, dada. Asante sana.

Mkemia Uyole

Pole sana, na asante kwa kwenda mara moja. Kesho waoneshe na wenzako.

Umeme Mufindi

Habari wakuu. Mimi ni fundi umeme kiwanda cha chai. Sisi mota na paneli tunaziosha kwa kemikali inayokuja kwa dumu, muuzaji anatuambia haiwaki kabisa. Nimejaribu kwa kiberiti, kweli haiwaki, na inakauka haraka sana kuliko petroli. Inanukia utamu kidogo. Kwa nini msihamie hiyo, mambo ya moto yaishe?

Mkemia Uyole

Kaka, swali lako ni zuri na naomba unisome taratibu, kwa sababu "haiwaki" ndilo neno linalowaponza mafundi wengi. Kiyeyushi kinachokauka haraka, kina harufu tamutamu na hakishiki moto, mara nyingi ni cha jamii yenye klorini. Angalia lebo ya dumu kama kuna trikloroethilini, tetrakloroethilini au dikloromethani. Kama lebo imebanduliwa, mdai muuzaji karatasi ya taarifa za usalama. Ni haki yako, na kemikali za viwandani zina sheria yake ya 2003 inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Trikloroethilini imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Uamuzi huo ulifikiwa 2012. Inahusishwa hasa na saratani ya figo. Benzeni iliyomo ndani ya petroli nayo ipo kundi hilo hilo, kwa hiyo sisemi mrudi kwenye petroli.

Hatari ya pili ni ya kiwandani kwenu hasa. Mvuke wa viyeyushi hivi ukikutana na cheche za kuchomelea au chuma chekundu, unaweza kugeuka gesi ya fosijini. Gesi hii ilitumika kama silaha kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Mtu anaweza kuivuta kidogo akajiona mzima, halafu saa kadhaa baadaye mapafu yakajaa maji. Kama mnaosha kwa kemikali hiyo na fundi wa kuchomelea yupo chumba kimoja nanyi, simamisheni kimoja.

Ya tatu ni maji. Petroli ikimwagwa ardhini inaelea juu ya maji ya chini. Trikloroethilini ina uzito karibu mara moja na nusu ya maji, kwa hiyo inapita maji na kuzama mpaka ikute mwamba, na hapo inajikusanya na kutoka kidogo kidogo kwa miaka mingi. Marekani wameweka kikomo cha maikrogramu 5 kwa lita ya maji ya kunywa. Nimepiga hesabu: lita moja ya kemikali hii ina uzito wa kilo 1.46, na ikisambaa inatosha kufikisha lita milioni 290 za maji kwenye kikomo hicho. Lita moja tu, kaka. Huku kwetu, kuanzia Uyole kwenda Rungwe, udongo ni wa majivu ya volkano na unanywa maji haraka, na watu wana visima.

Mota zipuliziwe vumbi kwanza kwa upepo mkavu wa shinikizo dogo, umeme ukiwa umekatwa na kufungiwa, kisha brashi laini. Nyingi zina vumbi la chai tu, hazihitaji kemikali. Zile zenye grisi, uliza grisi inatoka wapi. Mara nyingi ni sili ya beringi imechoka, na hapo dawa ni sili mpya.

Umeme Mufindi

Nimeenda kutazama dumu. Lebo imechunwa nusu, lakini herufi zilizobaki mwanzoni zinasomeka "tri" na "klo". Nimemwambia msimamizi wangu. Fundi wa kuchomelea anakaa mita nne kutoka meza yetu, hatukuwahi kujua. Kumbe hata yale maumivu ya kichwa ya alasiri tuliyokuwa tunayasingizia njaa.

Mama Bustani Iringa

Wanangu hamjambo. Mimi si fundi, mwanangu wa kiume ndiye amenionesha mazungumzo haya. Nalima mchicha na figiri bondeni, jirani na Ruaha Mdogo hapa Iringa. Juu yetu kuna gereji. Mvua ya kwanza ikinyesha mtaro unashuka na maji yenye rangi rangi kama upinde, yananuka petroli, na majani ya mstari wa kwanza yananyauka. Nikienda kuwaambia wananiona mbaya wa riziki zao. Niseme nini?

Fundi Iyunga

Shikamoo mama. Mto huo unatoka kwenye milima ya Mufindi, unapita kwenu, unaungana na Ruaha Mkuu hadi bwawa la Mtera. Kwa hiyo si figiri zako tu, kuna watu wengi chini yako wanaotumia maji hayo. Una haki kabisa ya kusema.

Nakushauri usiende mvua ikinyesha na hasira zikiwa juu. Nenda asubuhi ukiwa na mche mmoja ulionyauka mkononi, umuulize mwenye gereji, si vijana. Mwambie unachokiona na siku unazokiona. Na umwambie kwamba kila chupa anayoimwaga ameinunua yeye kituo cha mafuta. Kwa mafundi wengi hilo la pesa linafungua sikio. Akikubali, nitampigia mimi mwenyewe nimweleze mabeseni matatu, mwanao aniandikie ujumbe wa faragha. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa mazingira wa manispaa. Mboga za mstari huo usiziuze wala msizile, mama yangu.

Mama Bustani Iringa

Marahaba mwanangu. Nitaenda Jumatatu.

Roho ya Lori

Mkuu nimerudi. Nimejaribu kukwangua wiki hii, uko sahihi kuhusu brashi. Sasa hii chafu iliyobaki, kuna jamaa anataka kutengeneza mtambo wa kuichemsha kama wanavyochemsha gongo, apate safi tena. Anasema viwanda vikubwa wanafanya hivyo. Mwingine wa tanuri la matofali anaitaka ya kuchomea. Nimpe nani?

Mkemia Uyole

Naomba usimpe yeyote. Viwanda vikubwa kweli wanakamua viyeyushi kwa kuvichemsha, ila mitambo yao imefungwa kabisa, ina vipima joto vinavyozima vyenyewe, vifaa vya umeme visivyotoa cheche, na hata hivyo masalia ya chini yanabaki taka hatarishi. Pipa juu ya moto wa kuni ni bomu. Tanuri la matofali nalo haliwezi: kama ndani kuna hata kidogo cha ile jamii ya klorini, moshi utabeba asidi ya haidrokloriki na sumu ziitwazo dioksini, na wanaouvuta ni wapanga matofali wenyewe.

Na msichanganye aina. Petroli na dizeli dumu lake, thina dumu lake, za klorini dumu lake. Oili chafu isitiwe petroli hata kikombe, maana ukifanya hivyo umeharibu hata ile iliyokuwa inauzika.

Fundi Iyunga

Hapo ndipo tulipokwama na sisi, sitaficha. Tumepunguza kutoka lita 11 za chafu kwa wiki hadi mbili na kidogo, zaidi tope. Lakini mbili haziyeyuki. Kanuni za taka hatarishi za 2021 zinataka anayezikusanya na kuzisafirisha awe na kibali. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana ofisi ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya, nimekwenda kuomba orodha ya wenye vibali. Gereji moja peke yake haina mzigo wa kumleta mtu na gari, kwa hiyo tumeongea gereji nne za hapa jirani tukusanye pamoja, kila mmoja na dumu lake, alipie kwa lita. Gereji ya tano imekataa, naendelea kumbembeleza.

Kwa vijana, mawili ya mwisho. Usinyonye petroli kwa mdomo na mpira: ikiteleza kifuani inaunguza mapafu. Aliyemeza asitapishwe, akimbizwe hospitali. Na usinawe mikono kwa petroli. Chukua maranda laini, sabuni ya maji na tone la mafuta ya kula, sugua ikiwa kavu kabla ya kugusa maji.

Roho ya Lori

Dumu la tope unaandika nini juu yake? Nataka kuanza kesho.

Fundi Iyunga

Tumia dumu lenye kizibo cha kukaza, usijaze hadi juu, acha nafasi ya kiganja kwa sababu ya joto la mchana. Andika kwa rangi ya mafuta, kalamu inafutika: TOPE LA DIZELI NA PETROLI, LINAWAKA, tarehe uliyoanza kulijaza na jina la gereji. Liweke juu ya trei la bati kivulini, mbali na jiko na mtungi wa gesi ya kuchomelea. La kwetu tuliandika tarehe 3 mwezi wa tatu. Jana jioni lilikuwa limefika alama ya sita.